Anaskili

Kidabaga, mwezi wa tatu. Ukungu unaingia darasani
bila hodi, unakaa dawati la nyuma.
Nimeandika ubaoni neno la Kiingereza,
herufi tano, mbili za mwisho mapacha,
na chini yake nikawapanga ndugu zake wa kwetu.
Nikawaambia Kidato cha Pili: chagueni kwa makini,
maana ujuzi hukaa kichwani kama kofia,
ufundi una grisi chini ya kucha,
umahiri huvaa tai na kusubiri makofi,
na ustadi...
hapo chaki ikakatika.
Nikasema ustadi tutauona kesho.

Nikawaambia pia: kwao neno hili huhesabika
kama mayai. Moja, mawili, trei nzima;
hupangwa kwenye barua ya kuomba kazi
na hakuna hata moja lililopasuka.
Kwetu hatuhesabu. Nani amewahi kusikia
mtu akisema ana maujuzi matatu?
Mikono ikapanda juu. Mjomba wa fulani,
fundi simu, Ilula. Anasema hivyo kila siku.

Kazi ya nyumbani: litumieni katika sentensi.

Onorata Kikoti akaandika, kwa mwandiko wa kulala,
kwamba baba yake *anaskili* mianzi
asubuhi na jioni.
Nikachora kosa jekundu. Pembeni nikaandika:
Hii ni nomino, Onorata. Haina mikono.
Haiwezi kukata kitu.
Nikaipenda sentensi yangu. Nikaisoma mara mbili.

Jumamosi nikamkuta Atilio, baba yake, bondeni,
buti za mpira, kisu chembamba kama jani,
redio mfukoni ikisoma matangazo ya vifo.
Nikamuuliza, kwa sauti ya mwalimu anayekusanya mifano,
huo ustadi wako ni nini hasa?
Akageuka nyuma, kana kwamba namuulizia mtu mwingine.
"Nakata," akasema. "Nangoja. Jioni nakata tena.
Jua likiwaka nakata kidogo. Mvua ikija nafunika.
Huu ulinuna jana, leo siugusi."
Vitenzi vitupu, vikidondoka kimoja kimoja,
na chini ya mwanzi mbeta, imefungwa kwa kamba ya gome,
inapokea, haisemi.

Nikaomba kisu.
Chipukizi lilikuwa laini, limeinama lenyewe
kama mtu anayejua sindano inakuja.
Unene wa sarafu, alikuwa ameniambia.
Mimi nikatoa unene wa kidole.
Mwanzi ukakauka palepale.
Hakunigombeza. Alilipapasa jeraha kwa gumba
jinsi unavyopapasa paji la mtoto mwenye homa,
akasema, "Huu basi."

Nilitaka kumsifu. Nikamkumbuka mgema wa methali,
yule aliyesifiwa akatia maji,
nikafunga mdomo. Tukanywa mtogwa wa asubuhi ile,
mtamu, bado haujajifunza kulewesha.
Matangazo ya vifo yakaisha, ikaja bei ya mahindi.

Nikipanda kilima nilifikiri habari za mbeta,
jinsi ilivyo nyepesi ikiwa tupu,
jinsi inavyotoa mlio mzuri ukiigonga,
na mimi nimegonga kumi na moja
miaka tisa sasa, mbele ya watoto,
nikisema sikilizeni.

Jumatatu nikarudisha madaftari.
Wino mwekundu haufutiki. Chini yake nikaongeza:
Ni kweli. Ila usiandike hivi kwenye mtihani.
Onorata akasoma, midomo ikicheza,
kisha akainua macho, hana dharau, anataka tu kujua:
"Baba kasema uliomba kisu.
Mwalimu, uliskili?"

Darasa likatulia. Hata ukungu.
Nikamjibu kwa ukanushi, wakati uliopita,
nafsi ya kwanza, umoja:
sikuskili.